Majina ya wajukuu kwenye skrini nyeusi

Leo asubuhi mpwa wangu alikuwa anapitisha apdeti kwenye ile kompyuta ya Optiplex ya dukani akaona mstari unasema kerneli, ule moyo wa Linux unaoendesha mashine, imezuiliwa. Akaniuliza, "Anko, hii ni nani aliifunga, na mbona hujawahi kuifungua?" Nikamwambia ni mimi, tangu 2023, alafu mteja akaingia na flashi yake tukaachia hapo. Lakini mimi akili ilikuwa ishaenda kwa mzee wa Shinyalu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mvua ya Kakamega inapiga mabati hadi mnaongea kwa kupaza sauti. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, mwili unatoka mochari Ijumaa, mazishi Jumamosi, na programu ya mazishi ilifaa iwe imechapwa kabla gari liondoke. Na mnajua kwetu kitu kigumu kwenye eulogi si historia ya marehemu, ni majina. Nani anatangulia, wajukuu wa nani wameandikwa, mkwe gani ameachwa nje. Tulikuwa tumeshinda na mzee tangu mchana tukipanga hayo majina, anapigia watu simu nyumbani, wanabishana, anakata, ananiambia "geuza hapo", anapiga tena. Mimi maandishi marefu huwa naanza kuyaweka kwenye faili ya kawaida ya txt, kupanga kurasa na Scribus ni baadaye. Majina yalikuwa yameisha, picha ya mama imeskaniwa, stima ikapotea.

Iliporudi mashine ikawaka vizuri mpaka pale ukurasa wa kuingia unafaa kutokea, ikanyamaza. Skrini nyeusi, kamstari kanapepesa kwenye kona ya juu. Nikazima, nikawasha, ni vile vile. Mzee hajui kompyuta lakini uso wangu aliusoma.

"Kijana wangu, imeenda nayo?"

Nikashika Control, Alt na F3. Ikaja terminali tupu, maandishi meupe, ikaniuliza jina na paswadi. Hapo ningeanza kutafuta ugonjwa mara moja lakini sikuweza, mzee alikuwa ameshainuka kutoka kwa kiti chake amesimama nyuma yangu, namsikia akipumua. Nikaingia kwenye folda ya kazi, nikaandika less, amri ya kusoma faili, na jina la faili, nikabonyeza Enter.

Majina yakatoka. Yote, mstari kwa mstari, meupe kwenye weusi, bila picha bila urembo wowote. Mzee akavuta kiti karibu, akatoa miwani kwa mfuko wa koti, akaweka kidole kwenye kioo kabisa na kuanza kusoma kutoka juu, polepole, kwa sauti. Kila jina analitamka lote, lile la Kiluhya na lile la ubatizo, kidole kinashuka. Mimi nabonyeza kishale cha chini akifika mwisho, na yeye anangoja. Akifika kwa wajukuu wa binti yake wa pili kidole kikasimama. "Huyu wa Webuye yuko wapi? Huyu ndiye alikuwa anamletea dawa." Nikafunga less nikafungua nano ya kuhariri, akanitajia herufi moja moja, nikaandika, Control na O ya kuhifadhi, Enter. Akasoma tena huo mstari. Alafu akasema "sasa tengeneza mashine," akarudi akaketi.

Ugonjwa wenyewe ulionekana haraka. Kerneli mpya ilikuwa imeingia na apdeti siku za nyuma ikakaa ikingoja mashine izimwe, na stima ndiyo iliizima. Kadi ya picha ni ile ya 2012, inatumia draiva (programu ya kuiendesha) iliyofungwa ya kampuni, msimbo wake hauonyeshwi, na draiva ya aina hiyo haikai ndani ya kerneli, moduli yake lazima ijengwe upya kila kerneli mpya ikija. Hiyo kazi inafanywa na DKMS, kitu ambacho wahandisi wa Dell walikianzisha 2003. Safari hii ujenzi ulikuwa umekwama, make.log, ile rekodi ya ujenzi, imejaa makosa ya funkisheni ambazo kerneli ilishazibadilisha. Watu wa kerneli hawafichi, wameandika kwenye nyaraka zao kwamba hawaahidi mambo ya ndani yatabaki vile yalivyo. Anayebadilisha kitu anarekebisha draiva zote zilizo ndani, ya nje itajua mambo yake. Na ile draiva ya wazi ya wajitoleaji, kifurushi cha kampuni kikiingia kinaizuia isipakiwe, kwa hivyo hapakubaki wa kuendesha skrini.

Nikaandika ls /boot, nikaona vmlinuz, yaani faili za kerneli, ni mbili, ya zamani bado ipo. Nikawasha upya, nikaishika kwa menyu ya GRUB inayokuja kabla mfumo haujawaka, nikachagua ile ya zamani ambayo moduli yake ilishajengwa kitambo. Ukurasa wa kuingia huo. Tukachapa hadi usiku, mzee akaondoka na mzigo ndani ya koti mvua isiuguse, na mimi kabla ya kufunga duka nikapitisha apt-mark hold, amri ya kuifunga kerneli isibadilishwe na apdeti.

Sasa hilo ndilo swali la mpwa wangu na sina jibu linaloniridhisha. Kerneli isiyopata viraka vya usalama, kwenye mashine inayochomekwa flashi za kila mtu mjini, si kitu cha kuacha hivyo. Ile draiva ya wazi nimeiweka kwenye mashine ya pili, kwa Scribus na LibreOffice inatosha kabisa, lakini ukiipa video za mazishi inakwama, na video ndizo zinalipa kodi. Kadi mpya ni pesa, na hii bado nzima, haijawahi kunisumbua yenyewe kama chuma. Inaniuma kuitupa kitu kizima kwa sababu msimbo wake umefungwa na hakuna wa kuurekebisha.

Kama una kadi ya umri huo na umefaulu kuijengea moduli kwenye kerneli mpya, niandikie. Nitumie na make.log yako, nataka kuisoma yote.