Kupanda Magamba kwa baiskeli yenye shokapu mbili

Mabasi ya Dar kwenda Lushoto hupakia baiskeli kwenye buti, ila tairi la mbele sharti litoke. Likishatoka, pachika kadibodi kati ya pedi za breki. Mtu akibonyeza breki bila diski kuwapo, pedi hubanana, na utafika Lushoto ukitafuta bisibisi ya kuzitanua.

Baiskeli yenyewe ni ya tairi za inchi 29, foku (uma wa mbele wenye shokapu) inacheza milimita 140 na nyuma 130. Kwa kilo 75, begi la maji likiwemo, shokapu ya nyuma, inayojazwa hewa, ilitoka Dar na psi 165 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa). Ukikaa kitini, ule mpira mwembamba kwenye shafti, unaoonyesha shokapu imedidimia kiasi gani, ulisogea milimita 16 kati ya 55, karibu asilimia 30. Asubuhi ya Lushoto, ukungu umetanda, ukapita 17. Hakuna kilichovuja. Hewa iliyojazwa kwenye nyuzi joto 30 ikipoa hadi 16 hupoteza karibu psi 8, na mwinuko wa mita 1,400 hurudisha kama 2 tu. Kwa hiyo kipimo cha pwani kibaki pwani. Pima upya huko juu. Pampu ikiunganishwa, geji itasoma pungufu zaidi kwa sababu hewa kidogo imeingia kwenye bomba la pampu. Hiyo isikutishe. Jaza, chomoa, didimiza baiskeli mara kumi hivi ili hewa igawane ndani, halafu ndipo upime.

Kutoka mjini Lushoto kwenda msitu wa Magamba ni mlima mtupu. Kwenye njia ngumu nilifunga kishikizo cha shokapu, kinachoizuia isicheze, na baiskeli ikaacha kunesanesa kila pedali inaposhuka. Nilitarajia kukifunga mpaka juu. Kumbe ndani ya msitu, penye mizizi, inapanda vizuri zaidi kikiwa wazi: tairi la nyuma linafuata mzizi badala ya kurushwa nao, kwa hiyo halitelezi. Ila ukilegeza hivyo, baiskeli inakaa chini na pedali zinagonga mizizi. Palipo na mizizi mikubwa, nyonga nusu mzunguko, rudisha nyuma kidogo, nyonga tena. Gia ya meno 51 nyuma na 32 mbele inatosha, mradi kifua kiegemee usukani. Ukikaa kinyumenyume gurudumu la mbele linainuka.

Kushuka ndiko kuliko na utamu. Kabla ya kushuka, breki mpya lazima zizoeshwe: nenda kasi, bana hadi karibu na kusimama bila kufunga tairi, achia, rudia kama mara 20 kwa kila breki. Ukiruka hatua hii, pedi hazishiki sawasawa, na kwenye ukungu zitapiga kelele kijiji kizima kisikie.

Mwanzoni nyuma ilikuwa ikinirusha kila nilipovuka mizizi miwili iliyofuatana. Dawa ilikuwa kitufe chekundu cha kuzungusha, kinachopanga kasi ya shokapu kurudi baada ya kudidimia: vidonoo viwili (milio ya "tik" kitufe kikizungushwa) kuelekea upande wa polepole, na ikatulia. Ukizidisha, shokapu hairudi kwa wakati, inazidi kudidimia kila tuta, mwisho inakuwa ngumu kama haipo. Badilisha kidonoo kimoja kimoja, kila mara pita palepale tena.

Tairi za inchi 2.4 zinashika vizuri mpaka udongo mwekundu ulowe. Ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu, na hapo baiskeli hii haina tofauti na nyingine yoyote: unashuka, unakwangua kwa kijiti.

Jioni ikaanza kulia *kwi kwi* chini ya kiti. Wengi wangelaumu shokapu. Mara nyingi ni boliti za viungio vya nyuma, ambazo hulegea safari za mwanzo. Fungua, futa, paka grisi, kaza kwa spana yenye kipimo kufuata Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) zilizoandikwa kwenye boliti. Na usiipeleke kwenye pampu ya kuoshea magari, maji yale hupenya kwenye beringi. Ndoo na brashi.