Namna nilivyookoa dividi ya mahari ya yaya

Papa, yaani baba yangu, alishaamua: ni mlima ulioiharibu. Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tulikimbilia Sake, na tuliporudi Goma dividi ya siku ya mahari ya yaya, dada yangu mkubwa, iliyorekodiwa 2011, ikaanza kukwama. Kwa papa hiyo ilitosha. Moshi wa mlima umeila.

Nilitaka kukubali, ila kwenye rafu ileile kulikuwa na sidi ya kwaya, ya kiwandani, kongwe kuliko dividi yenyewe, na mpaka leo inaimba bila kukohoa. Moshi gani huo unaochagua?

Nikaitoa dividi nje mchana, nikaigeuza. Upande wa chini, ule wa zambarau, ulikuwa umepauka ukingoni, umbo la mwezi mwandamo. Kisha nikairudisha rafuni jinsi ilivyokaa miaka yote. Bahasha yake ilikuwa imechanika, na sehemu iliyochungulia nje ndiyo hiyohiyo iliyopauka. Kila asubuhi jua linalopita dirishani hutua hapo.

Diski ya kiwandani hubanwa vijishimo kwenye plastiki yenyewe, kisha hupakwa alumini, na jua la dirishani halivifuti. Ya kuchoma kwenye kompyuta haina vijishimo. Ina rangi, na mwali wa leza huibadilisha hapa na pale. Alama hizo ndizo picha zetu. Rangi ikipigwa na jua hupauka kama kitenge kwenye kamba, na lekteri, yaani mashine inayosoma diski, haitofautishi tena palipochomwa na pasipochomwa. Papa hakukosea kabisa, maana kioo kinachorudisha mwali kwenye diski nyingi za kuchoma ni cha fedha, na gesi ya salfa, kama ile ya mlima, huifanya fedha iwe nyeusi. Lakini kwenye dividi kioo hicho kimefichwa katikati ya plastiki mbili zilizogundishwa, kila moja milimita 0.6. Kwenye sidi ndiyo kiko juu kabisa, chini ya vanishi nyembamba tu, upande ule tunaouandika jina kwa biki na kuukandamiza. Sidi yetu moja ya picha ilikufa hivyo: ukiielekeza kwenye taa unaona mwanga unapita kwenye herufi za jina la shangazi.

Kuokoa, basi. Kwanza nilibandua ile karatasi ya maua aliyoigundisha kameramani, nikachana kipande, nikaacha. Usiibandue. Niliipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Lekteri ya laptopu yangu iliikataa. Ya kompyuta kuukuu ya mezani, niliyoazima kwa fundi mmoja wa Birere, ikaisoma. Lekteri hazifanani, jaribu hata tatu.

Nilitumia programu ya ddrescue. Huchukua kwanza panaposomeka kwa urahisi, huruka pabovu, kisha hurudi pabovu tena na tena. Nilichokipenda zaidi ni kwamba huandika kwenye faili ilipofikia, kwa hiyo umeme ulipokatika, na ulikatika mara nne, iliendelea palepale. Siku mbili na usiku wake.

Dividi husomwa kuanzia ndani kwenda nje, na mpauko ulikuwa ukingoni, kwa hiyo kilichopotea ni mwisho wa sherehe. Mwanzo ulipona. Mama, aliyetutoka 2016, anaonekana akiinama kuhesabu vitenge vya wakwe, anakosea, anaanza upya, watu wanacheka.

Nikaweka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje kwa yaya, Bukavu. Dividi yenyewe iko kabatini, imesimama, ndani ya kasha lake.

Jioni nilimwonyesha papa. Alitazama kimya mpaka picha ilipoganda.

“Na ngoma?”

“Ngoma haikupona, papa.”

Akatikisa kichwa. “Mlima huu.”