Mhasibu Aliyehamia Stoo

Asubuhi ile nilikuwa natafuta boksi la karatasi, nikafungua mlango wa stoo na kumkuta mhasibu wetu ameketi juu ya kigoda, jalada mapajani, kikokotoo kando yake, akifunga hesabu za mwezi kwa mwanga wa tochi ya simu. "Mwanangu," aliniambia bila hasira yoyote, "humu angalau namba hazinikimbii."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu ofisi aliyoikimbia niliichora mimi. Miezi mitatu kabla ya hapo, nikiwa msanifu majengo kijana, nilikabidhiwa ghorofa moja ya watu wapatao 40, nikabomoa kuta karibu zote za ndani kwa imani kwamba watu wakionana watazungumza, na wakizungumza kazi itakwenda. Sakafu ilikuwa ya vigae, dari zege tupu, na kuta chache zilizobaki zilikuwa za kioo. Palipendeza machoni, masikio sikuyafikiria.

Nilivuta boksi nikaketi naye. Feni haikumsumbua, wala mvua. Kilichomsumbua ni maneno. Mwenzetu wa masoko alipotaja bei kwenye simu, tarakimu zile ziliingia katika safu aliyokuwa akijumlisha, na alinionyesha ukurasa ambao jumla moja ilikuwa imekatwa kwa wino mara tatu. Nilijua, kwa kusoma, kwamba mahali pa wazi sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, lakini ndani ya chumba changu vigae, kioo na zege viliirudisha, hata neno lililosemwa upande mmoja likafika upande wa pili likiwa bado linaeleweka. Nalo neno likieleweka, akili hulifuata hata usipotaka.

Na yale mazungumzo niliyoyatarajia hayakuja. Watu walinong'ona, wakaandikiana ujumbe hata waliopakana meza. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha vipimo vya kampuni zilizohamia ofisi za wazi, wakaonyesha kwamba maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70. Nilipousoma utafiti huo niliikumbuka stoo ile.

Wiki iliyofuata nilipita meza kwa meza kuuliza kila mtu anafanya kazi gani na inahitaji nini, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kugusa penseli. Tulitandika zulia, tukafunga dari kwa vibao vya kufyonza sauti, tukasimamisha makabati ya majalada kati ya masoko na uhasibu, na tukageuza meza ili mwanga wa dirisha uingie kwa ubavu badala ya kumpiga mtu usoni au kung'aa kwenye skrini yake. Lililokuwa gumu kulitetea mbele ya wakubwa ni vyumba viwili vidogo vyenye milango inayofungika sawasawa, kwa kuwa walihesabu nafasi ile kama hasara, nami nilisisitiza mpaka wakakubali.

Vilipokamilika, mhasibu aliniagiza nisimame kwenye meza ya masoko nisome namba kwa sauti yangu ya kawaida, naye akaingia katika chumba kimoja na kufunga mlango. Nilisoma ukurasa mzima. Alipotoka, alisema hakuipata hata moja, kisha akaenda stoo kuchukua kikokotoo chake.