Kikokotoo cha jaribio la t: p hasi imekoma

Hatimaye! Kikokotoo changu kimeacha kunitolea p (uwezekano wa kupata pengo kubwa kama lililopimwa, au zaidi, kwa bahati tu) iliyo chini ya sifuri. Uwezekano ulio hasi, jamani. Nimeukodolea macho kwenye skrini ya simu mpaka nikaanza kuichukia herufi yenyewe.

Kwa wanaoingia sasa: naandika jaribio la t la wastani mmoja, linalopima kama wastani wa vipimo uko mbali na namba fulani kuliko bahati inavyoweza kueleza. Naliandika kwa lugha ya Python tupu, bila scipy, maktaba yake ya hesabu, maana nataka kuiona p inakotoka. Nilianza na data ya usingizi ya Cushny na Peebles (1905), wagonjwa 10, ileile ambayo Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliitumia mwaka 1908 kwenye makala aliyoisaini "Student". Wastani wa tofauti kati ya dawa mbili ni saa 1.58 za usingizi, mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 1.23. Nikapata t ya 4.06 na p ya 0.0028, sawasawa na R, programu ya takwimu. Nikavimba kichwa.

Kisha nikaleta vipimo vya kasi ya mwanga vya Michelson, vya mwaka 1879. Viko 100, vimo ndani ya R kwa jina la "morley", ingawa Morley hakuhusika na kazi hiyo. Wastani wake ni kilomita 299,852.4 kwa sekunde, mkengeuko sanifu 79. Nadharia tete ya sifuri, yaani dai la kuanzia linalojaribiwa, nikaiweka kwenye kasi tunayoijua leo, 299,792.458. Hesabu ya t ni nyepesi: pengo la karibu 60, gawa kwa 7.9 (79 kugawa kwa 10, kipeuo cha pili cha vipimo 100), unapata 7.59. Lakini p ikatoka hasi. Nikiongeza vipande vya eneo inakuwa sifuri. Nikiongeza tena inakuwa chanya, ila haifanani na ya R hata kwa mbali.

Shida ilikuwa kwenye kutoa. Kanuni ya Simpson, inayokadiria eneo chini ya mchirizo kwa kulikata vipande, ilinipa eneo kuanzia katikati hadi t, nami nikawa nalitoa kwenye 0.5, nusu ya eneo lote, ili nibaki na mkia, yaani eneo lililo nje ya t ambako p inatoka. Kwa p ya 0.0028, kosa kwenye tarakimu ya tisa halimsumbui mtu. Kwa p ya 1.8 × 10⁻¹¹, kosa hilohilo ni kubwa kuliko jibu lenyewe. Huwezi kupima unene wa unywele kwa kutoa urefu wa watu wawili. Tiba ni kuacha kutoa kabisa na kuuhesabu mkia moja kwa moja: fomula iitwayo beta isiyokamilika, x ikiwa ν/(ν+t²), ambapo ν ni digrii za uhuru (idadi ya vipimo kutoa moja), kwa njia ya Lentz ya sehemu iliyo ndani ya sehemu. Gama zote (faktoria zilizopanuliwa hadi namba zisizo kamili) zinapita kwenye math.lgamma, la sivyo digrii za uhuru zikiwa nyingi namba zinalipuka. Mistari haifiki thelathini, na inakimbia kuliko Simpson. Ikachapa 1.8e-11. Nilipiga kelele, majirani wanisamehe.

Hapo ndipo hasira zangu kwa programu moja inayopendwa sana vyuoni zinapoanzia. Matoleo yake ya zamani yanakuchapia .000, na mwanafunzi wa watu anaandika kwenye tasnifu "p = 0.000" kana kwamba jambo limethibitika pasipo shaka. Andika p < 0.001, basi! Majedwali ya zamani ya nyuma ya vitabu yalikuwa na adabu zaidi. Yalikoma pale yalipokoma.

Na hiyo 1.8 × 10⁻¹¹ inasema nini? Haisemi kwamba mwanga ulikuwa na mbio zaidi enzi za Michelson. Wala si uwezekano kwamba nadharia tete ya sifuri ni kweli. Inasema hivi: kama wastani wa kweli wa vipimo vya mtambo ule ungekuwa 299,792.458, na vipimo havitegemeani, basi pengo kubwa kama hili au zaidi lingetokea karibu mara 2 katika majaribio bilioni 100. Kwa hiyo mshtakiwa ni mtambo, au lile sharti la kutotegemeana. Mimi nashuku vyote viwili. Vipimo vimo katika makundi matano ya 20. Kundi la kwanza lina wastani wa 299,909, la nne 299,820.5. Isitoshe, vilifanyika hewani, ambako mwanga huenda polepole kidogo kuliko kwenye ombwe, kwa hiyo pengo halisi ni kubwa zaidi ya hilo nililopima.

Mpango ulikuwa sasa niweke grafu na jaribio la Welch, la kulinganisha wastani wa makundi mawili. Sikugusa. Nilijaribu kitu kimoja tu, sampuli 10,000 za kubuni ambamo nadharia tete ya sifuri ni kweli, nione p zinavyotawanyika. Zikalala bapa kabisa kati ya 0 na 1, asilimia 5 chini ya 0.05, kama inavyotakiwa. Nikabadilisha data iwe kama muda wa kusubiri daladala, yaani mfupi mara nyingi na mrefu kupindukia mara chache, vipimo 10 kwa kila sampuli. Sampuli zilizoikataa nadharia tete ya sifuri kimakosa zikapanda hadi karibu asilimia 10! Karibu zote zinatokea upande wa chini: sampuli ikikosa ile subira ndefu, wastani unashuka na mkengeuko sanifu unashuka nao, basi t inajiona ina uhakika kumbe haijaona kitu.

Sasa naandika onyo litakalojitokeza sampuli ikiwa ndogo na imeelemea upande mmoja. Sijaamua mpaka niuweke wapi. Faili la Welch lina mstari mmoja tu, wa jina.