Ile + kwenye fomula za R sio ya kujumlisha

Wengi wanaoanza R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, naona wanakwama kwenye mstari mmoja, lm(mavuno ~ mbolea + mvua), yaani amri ya kutengeneza modeli ya mstari, manake wanausoma kama hesabu ya darasani. Hapo hakuna kinachojumlishwa jamani. R haichukui kilo za mbolea ikaziongeza kwenye milimita za mvua. Unachoiambia ni kwamba nataka kuelezea mavuno, vitu vya kuyaelezea ni mbolea na mvua, namba zenyewe nitafutie. Kushoto kwa kiwimbi ~ kinakaa kinachoelezewa, kulia vinavyoelezea, na intasepti, yaani makadirio ya mavuno pale mbolea na mvua zote zikiwa 0, inawekwa yenyewe hata kama hujaiandika. Kwa hiyo ile y = β0 + β1x1 + β2x2 + ε ya kwenye kitabu ni kitu kilekile (y ni mavuno, x ni mbolea na mvua, β0 ndo intasepti, ε ni kosa linalobaki), hizo β huzioni kwenye fomula kwa sababu ndizo programu inaenda kuzitafuta.

Mtindo huu walioutoa ni Wilkinson na Rogers mwaka 1973, na ukatumika kwenye GenStat, programu iliyozaliwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kule Uingereza. Baadaye lugha ya S ikauchukua, R ikaurithi, na leo hata ukitumia statsmodels, maktaba ya takwimu ya lugha ya Python, unaukuta. Ndo maana mfano wa shamba unakaa vizuri sana hapa.

Sasa kuna : na *, na hapa naomba usipite haraka. Ukiandika mbolea + mvua umeshatoa kauli nzito, umesema kila kilo ya mbolea inaongeza mavuno kiasi kilekile, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima gani atakubali hilo? Ukitaka kuiuliza data kama faida ya mbolea inategemea mvua, unaongeza mbolea:mvua. Na mbolea*mvua ni ufupisho tu wa mbolea + mvua + mbolea:mvua, sio kuzidisha peke yake kama inavyoonekana kwa macho. Ila ukishaweka nyota, ile namba ya mbolea kwenye matokeo inabadilika maana, inakuwa ni faida ya mbolea pale mvua ikiwa 0, yani ukame mtupu, ambao labda kwenye data yako haupo kabisa, halafu mtu anaichukua anaiandika kwenye ripoti kama faida ya mbolea kwa ujumla. Toa wastani wa mvua kwenye kila thamani ya mvua kabla ya kuendesha modeli, namba hiyo itakuwa ni faida ya mbolea kwenye mvua ya wastani, na hiyo inasomeka.

Linaloniuma zaidi ni mbolea^2. Unataka mkunjo, manake mbolea ikizidi mavuno yanaweza kushuka, unaandika mavuno ~ mbolea + mbolea^2, R haikuletei kosa lolote, inakupa mstari ulionyooka kama kawaida. Ndani ya fomula ^ inahusu kuchanganya vigezo, yaani vile vinavyoelezea kama mbolea na mvua, na sio kipeo, na kigezo kikichanganywa na chenyewe kinabaki kilekile. Andika I(mbolea^2), hiyo I inaiambia R hapa ndani fanya hesabu ya kweli.

Na ile - 1 mwishoni inaondoa intasepti. Ukiiweka, R² (kipimo cha modeli inaelezea data kwa kiasi gani) mara nyingi inapanda sana, usifurahi, imepigwa kwa njia nyingine, inalinganisha na sifuri badala ya wastani, kwa hiyo usiiweke meza moja na ile ya modeli yenye intasepti.

Ukiwa na wasiwasi na fomula yoyote, andika head(model.matrix(~ mbolea*mvua, data = shamba)) (shamba ni jina la data yako) uone kolamu zenyewe ambazo R imetengeneza. Utaona ya kwanza imejaa 1 tupu, hiyo ndo intasepti, na ya mwisho ni mbolea mara mvua, safu kwa safu.