Fondyu ya chokoleti Tabora: chunga tone la maji

Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, chokoleti ya dukani hapa Tabora mara nyingi ukiifungua unaikuta imepauka, ina michirizi myeupe kama vumbi la chaki. Wengi huitupa wakidhani imeoza. Haijaoza. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na chini ya bati joto hilo hufika bila shida. Mchana inalainika, usiku inaganda upya, mafuta yanapanda juu na kupaka weupe. Kuila hivyo haipendezi, lakini kwa fondyu, yaani chokoleti iliyoyeyushwa ya kuchovyea matunda na vitafunwa, haina neno, maana unaiyeyusha tena. Mwombe mwenye duka akupunguzie bei.

Kitu cha kuangalia ni viungo nyuma ya pakiti. Tafuta siagi ya kakao. Kama wameandika mafuta ya mimea tu, itayeyuka vizuri lakini inaacha utando mdomoni, na watu wazima hawatarudia.

Kwa watu sita: chokoleti nyeusi gramu 200, krimu mililita 150, asali kijiko kikubwa kimoja, chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Krimu ikikosekana, na mara nyingi inakosekana, tumia maziwa ya boksi yasiyopunguzwa mafuta mililita 120 na siagi kijiko kikubwa kimoja. Chokoleti ya maziwa ni laini na tamu zaidi, kwa hiyo punguza krimu ifike mililita 100 na asali iache.

Katakata chokoleti vipande vidogo kuliko punje ya karanga. Hapa usifanye uvivu, maana kipande kikubwa kinabaki kigumu katikati na utashawishika kuongeza moto. Weka vipande kwenye bakuli kavu. Chemsha krimu mpaka uone vipovu pembeni mwa sufuria, ipua, mimina juu ya chokoleti, kisha usiiguse kwa dakika mbili. Usikoroge mapema. Baada ya hapo koroga taratibu kuanzia katikati, duara dogo dogo, ukipanua hadi pembeni. Mwanzoni itaonekana kama imeharibika, mabaka meusi ndani ya maziwa. Endelea, itaungana na kung'aa. Asali na chumvi huingia mwisho.

Kwa nini asali mwisho? Asali yetu ya miombo, hata ile nzito, ina maji ndani yake. Ukiitia kijiko kimoja kwenye chokoleti iliyoyeyushwa peke yake, bila krimu, unaweza kuona kioja: chokoleti inashikana ghafla, inakuwa donge lenye chembechembe kama udongo mkavu. Maji kidogo hulowanisha sukari na unga wa kakao, vikanata pamoja na kuyaacha mafuta nje. Krimu ikishaingia, maji yametosha tayari na asali haina madhara.

Maji hayo kidogo ndiyo chanzo cha fondyu nyingi kuharibika: mwiko uliotoka kuoshwa, mvuke wa sufuria ya maji iliyo chini ya bakuli, mfuniko uliotokwa jasho. Dawa yake inashangaza, kwani ni kuongeza kimiminika. Tia maziwa ya moto kijiko kikubwa kimoja kimoja, ukikoroga kwa nguvu, mpaka donge lilegee. Tone moja linaiua, vijiko vitatu vinaifufua.

Ikitoa mafuta yanayoelea juu, tatizo ni jingine: moto ulizidi. Ipua, ongeza kijiko cha maziwa ya uvuguvugu, piga kwa uma. Ikinuka kuungua, mwaga. Hakuna asali itakayoficha harufu ile.

Hivyo kwenye jiko la mkaa usiweke bakuli moja kwa moja juu ya makaa. Ukihitaji kupasha tena, chemsha maji kidogo kwenye sufuria, lipachike bakuli juu lisiguse maji, na usubiri makaa yafunikwe na majivu kwanza.

Mezani, chungu maalumu chenye taa chini hakihitajiki. Chukua hotipoti, tia maji ya moto kina cha vidole viwili, simamisha ndani yake bakuli zito la udongo lenye fondyu. Inabaki laini kwa nusu saa na zaidi. Usifunike, ukilazimika, tandaza kitambaa kikavu chini ya mfuniko.

Picha za mitandaoni zinaonyesha stroberi. Zisikusumbue, mji huu una miembe kila mtaa. Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo, maana lililolegea linakatika na kuzama. Ndizi mbivu ikate wakati wageni wameshakaa, vinginevyo inageuka nyeusi. Nanasi ni tamu sana na chokoleti nyeusi, ila kausha kila kipande kwa kitambaa safi, la sivyo fondyu itakuwa mchuzi. Tikiti maji liache kabisa. Mandazi ya jana ni bora kuliko ya leo, kwa sababu yamekauka na hayavunjiki kwenye kijiti. Na jaribu muhogo wa kukaanga wenye chumvi. Wageni hucheka wakiuona, na sinia lake ndilo linalokwisha mwanzo.

Vijiti vya mishikaki vinatosha. Kwa watoto vunja ncha kali. Mchovya asali hachovyi mara moja, tunajua, lakini kijiti kilichotoka mdomoni kisirudi bakulini. Wageni wakiwa wengi, gawa fondyu kwenye vikombe vya kahawa, kila mtu na chake.

Kama chokoleti haipatikani, unga wa kakao usio na sukari utakusaidia. Changanya kavu gramu 50 za kakao na gramu 80 za sukari, ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo upate uji mzito usio na madonge, kisha malizia maziwa yafike mililita 250. Chemsha moto mdogo dakika nne ukikoroga, ipua, tia siagi gramu 30. Si fondyu halisi na haing'ai vile, lakini inashika embe vizuri.

Ikibaki, iweke kwenye friji siku tatu. Bila friji imalizeni siku ileile kwa sababu ya maziwa: mimina maziwa ya moto ndani ya bakuli, kwangua pembeni, wape watoto wanywe.