Dona akinyamaza, sisi tusinyamaze

Leo tumemaliza bajeti ya mwaka ujao wa ofisi na nimerudi nyumbani kichwa kizito, sio kwa sababu pesa ni kidogo, pesa kidogo tushaizoea, ila ndo mara ya kwanza twapanga bajeti tatu badala ya moja, manake hatujui pesa ya nje itaingia kiasi gani, na yoyote katika hizo tatu yaweza kuwa ya kweli. Naandika sasa hivi kabla sijalala manake najua huku Mombasa na Kwale na Kilifi kuna watu wengi wenye vishirika vidogo kama chetu, na usiku wanawaza haya haya.

Sisi tuko Kisauni. Kazi yetu ni kuwafuatilia kina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI wasiache dawa, na kuwasaidia vijana wanaotoka kwa unga, yaani heroini. Pesa nyingi ilikuwa inatoka kwa serikali ya nje lakini haikuwa inatujia moja kwa moja, inashukia kwa shirika kubwa, linampa mwengine, huyo ndo anatupa sisi, na kila mmoja ana kontrakti yake na aliye chini yake. Kwa hivyo sisi wa chini kabisa habari hutufikia mwisho, lakini mama akikosa huduma anakuja kugonga mlango wetu sisi, hendi kugonga mlango wa hao wa juu.

Kila mtu anakumbuka 2025 ilivyoanza. Januari 20 Trump kuapishwa tu urais wa Marekani akasaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ati ikaguliwe kwanza, tarehe 24 ikatoka amri ya kusimamisha kazi hata kwa miradi iliyokuwa inaendelea, siku chache mbele ikatoka ruhusa ya huduma za kuokoa maisha na watu wakabaki kuulizana je, yetu imo au haimo? Machi 10 Rubio, waziri wao wa mambo ya nje, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Julai 1 USAID yenyewe ikafunga kazi na kilichobaki kikahamia wizara yao ya mambo ya nje. Uingereza nayo Februari ile ile ikasema itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, kwa hivyo hata yule uliyemtegemea kama mbadala naye yuko njiani kupunguza. Na wala si sisi wa mbali peke yetu, hata mashirika ya ndani ya Marekani yalipigwa, mwisho wa Januari ile ofisi ya bajeti ya White House ilitoa waraka wa kusimamisha ruzuku zao za ndani, jaji akauzuia, na ndani ya siku mbili ukaondolewa. Mimi huo waraka wa siku mbili naufikiria sana. Kwenye karatasi pesa haikupotea, lakini fikiria shirika ambalo mshahara ni wiki ile ile na mkurugenzi hajui awaambie nini watu wake. Kutojua peke yake kushakuwa hasara kabla hata shilingi moja haijakatwa.

Kwetu sisi kilichoumiza zaidi kilikuwa kimya. Shirika lililokuwa juu yetu, silitaji jina, lilituandikia imeili moja fupi ya kusimamisha shughuli, baada ya hapo ukipiga simu unaambiwa twasubiri maelekezo. Sasa pale pasipo na habari watu hutengeneza zao. Kwenye grup za wasap ikazunguka kwamba dawa za virusi zimekatwa nchi nzima, mwengine akasema kliniki zitafungwa Ijumaa, na mama mmoja ninayemheshimu sana, mtu mzima, yuko kwa dawa miaka mingi na hajawahi kukosa hata klinik moja, akaniambia hivi: "Mwanangu, naskia wazungu washafunga dawa. Basi mimi nala leo, kesho napumzika, ili zinifikishe Ramadhani." Nikahisi miguu imeisha nguvu. Dawa zake zilikuwa zipo kaunta ya hospitali siku zote hizo, alichokosa ni mtu wa kumwambia zipo. Na yeyote aliye kwenye kazi hii ajua kuruka siku kunafanya nini, virusi vinapanda tena, na vikizoea dawa itabidi ahamishiwe nyengine ngumu zaidi kupatikana.

Tangu hapo tuna desturi ambayo kwangu ni muhimu kuliko bajeti zote tatu nilizotoka kuzipanga. Kila Jumatatu tunatuma ujumbe mmoja kwa stafu na kwa kina mama vinara wa vikundi, kwa Kiswahili chepesi, tunasema tunachojua, tunasema tusichojua, tunasema siku tutakayozungumza tena. Hata kama hakuna jipya tunatuma, "wiki hii hakuna jipya, dawa zipo, kliniki iko wazi, tutaongea Jumatatu." Watu wengine kwenye mashirika wanaogopa, wanasema ukiwaambia stafu pesa iko mashakani watakimbia. Sikubaliani nao kabisa. Mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba na karo ana haki ya kujua mapema, na kwa niliyoyaona mimi watu hukimbia kwa kufichwa, akiambiwa ukweli mapema huwa anakaa na wewe mpange pamoja.

Sasa kwenye pesa.

Kuna kitu watu nje ya hizi ofisi hawakijui, kwamba ruzuku nyingi za serikali si pesa unayopewa mkononi ukatumia. Unatumia kwanza yako, unapeleka risiti, alafu ndo unarudishiwa. Kwa hivyo ile Januari kuna mashirika yalikuwa yameshalipa mishahara, yameshajaza gari mafuta, yameshafanya mafunzo, na madai yao yakakwama juu. Kesi ilienda mahakamani kule Washington, jaji Amir Ali akaamuru serikali ilipe kazi iliyokwisha kufanywa, kama dola bilioni 2 hivi, na Machi 5 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuizuia hiyo amri kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja! Mahakama ilifanya haki lakini mwenye nyumba wa ofisi ya Kisauni hasubiri majaji wa Washington. Ndo sisi sasa madai tunapeleka kila mwezi, hatungoji robo mwaka iishe, risiti zinaingia faili siku ile ile, kwa hivyo siku bomba likifungwa kinachodaiwa ni cha wiki chache tu. Pia tulikaa chini tukasoma kontrakti zote mstari kwa mstari, tukitafuta kile kipengele cha kusitisha, manake nyingi zinasema kontrakti ya juu ikifa na ya chini imekufa nayo, na notisi ni ndogo mno.

Jambo la pili ni haki za wafanyakazi na hapa ntasema kwa sauti. Dona si mwajiri. Mwajiri ni sisi. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40 inataka ukimpunguza mtu kazi kwa sababu nafasi haipo tena, umpe notisi ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, umjulishe na afisa wa kazi, umlipe likizo yake iliyobaki, na juu yake mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Sheria haiulizi kama pesa ilitoka Washington au London au kwa harambee. Mtu amekaa na wewe miaka sita akizunguka Mlaleo na Mtopanga juani, siku ya mwisho unamwambia "samahani projekti imeisha" na kumpa barua ya pongezi, hiyo ni dhulma, hata kama moyo wako ni mzuri. Kwa hivyo kwenye bajeti zote tatu tumeweka mstari wa malipo hayo, kidogo kidogo kila mwezi, kwenye akaunti yake.

Lakini itoke wapi, manake pesa ya ruzuku imefungwa kamba, huwezi kuiweka akiba. Inabidi iwe pesa yetu wenyewe na hapa ndo tulipozunguka sana. Tulienda kwa maalim wa msikiti wa mtaani kumuuliza kuhusu zaka na akatueleza kwa upole kwamba zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa kwenye Sura ya Tawba, fukara na masikini wamo, kwa hivyo nauli na chakula cha mgonjwa asiye na kitu inaingia, ila kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu tusiguse zaka, huko twende kwa sadaka ya kawaida. Nimependa sana alivyotupangia. Sasa tuna daftari mbili mbali mbali kabisa na wenye maduka wanaotusaidia wanaona kila shilingi ilikwenda fungu gani, na naona wameongezeka tangu tuanze kuwaonyesha. Pesa yenyewe si nyingi, haiwezi kujaza pengo la ruzuku hata robo, nasema wazi ili mtu asidanganyike kwamba sadaka za mtaa zitachukua nafasi ya serikali. Lakini ni pesa isiyo na kamba, na mwezi ambao kila kitu kimesimama hiyo ndo inalipa nauli.

Nauli nairudia makusudi. Vijana wetu walio kwa methadone, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, kliniki ya Kisauni hawapewi chupa wakaenda nayo nyumbani, dozi inanywewa pale pale mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Kijana anayetoka mbali akikosa nauli ya matatu amekosa dozi, na akikosa dozi mwili unamuuma hadi anajua ni wapi mtaani ataupoza. Kwa hivyo kwenye bajeti ya tatu, ile mbaya kabisa ambayo hakuna kitu kinachoingia kutoka nje, tulianza kwa kuuliza ni kitu gani kikisimama wiki moja tu mtu anaumia mwilini. Jibu lilikuja haraka, nauli za methadone na wale kina mama wanaofuatilia walioacha dawa. Hivo viwili havikatwi. Semina za hotelini, fulana, gari la kukodi, hata mshahara wangu nusu, hivo vinakatwa kabla. Tumeandika kwenye karatasi na bodi imesaini, manake siku ya hofu watu hukata kile kilicho rahisi kukata, na kilicho rahisi kukata huwa ni cha mtu asiyeweza kuja kulalamika ofisini.

Kaunti nayo. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu na kila mkutano anatukumbusha kwamba kodi zetu ziko hapa hapa. Nakubaliana naye, ila twende na kalenda mkononi. Waraka wa sera ya fedha wa kaunti unatakiwa ufike bungeni kwao ifikapo Februari 28 na makadirio ya bajeti Aprili 30, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sisi tumezoea kutokea Juni na barua ya malalamiko, wakati mambo yashakwisha. Katiba kifungu cha 201 kinatupa nafasi ya kushiriki kwenye fedha za umma, basi tuwe pale mapema na hesabu zetu. Ombi letu ni dogo, kina mama vinara waingizwe kwenye mfumo wa ma-CHP, wahudumu wa afya wa jamii, wale laki moja waliozinduliwa Septemba 2023 wenye posho ya 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Najua pesa ya kaunti nayo huchelewa kutoka Hazina. Lakini ikichelewa twajua mlango wa kwenda kugonga, na mtu wa kumuuliza tunampigia kura.

Kimoja hakina jibu bado na ndo kilichonifanya nishindwe kula vizuri leo. Ile mikutano ya jioni ya vijana, ya kukaa tu na kuzungumza na mshauri nasaha, kwenye bajeti ya kwanza imo, ya pili imebaki mara moja kwa mwezi, ya tatu haimo kabisa. Haingii kwenye zaka kwa urahisi, kaunti haina fungu lake, na ripoti za dona hazijui kuihesabu kwa sababu hakuna kidonge kilichomezwa. Na wenyewe vijana wanasema hicho ndo kitu kinachowarudisha. Mshauri amekubali kuja bure miezi miwili kama mambo yakiharibika, Mungu amlipe, lakini na yeye ana watoto. Kama kuna shirika hapa Pwani limepata njia ya kulipia kitu kama hiki bila ruzuku ya nje naomba mtuandikie, tuje hata na bajeti zetu mkatuonyeshe.